Mume wa Bi Hindu

Mara ya kwanza Bi Hindu alipomwita Mzee Menza kwa jina la Gharib, ilikuwa asubuhi, na uji ulikuwa umekwisha kupoa. Alikuwa amekaa kibarazani na bakuli mapajani, hataki kuugusa, huku Kabibi, mwenye nyumba, akimbembeleza kama abembelezwavyo mtoto anayeinuka kitandani baada ya homa. Mzee Menza alipita mbele yao akielekea kwenye kiti chake cha kamba, upande wa jua. Bi Hindu akainua uso, akamtazama, akatabasamu.

"Gharib," alisema. "Umekawia. Njoo tunywe uji, peke yangu haushuki."

Mzee Menza alisimama. Aligeuka nyuma kuona ni nani aliyeitwa, lakini nyuma yake palikuwa na ukuta tu na kamba ya nguo.

"Mimi siye, Bi Hindu," alisema.

"Haya, haya," akajibu Bi Hindu, kama mke aliyekwisha kuzoea mizaha ya mumewe. "Kaa."

Kabibi alimfanyia ishara kwa macho. Mzee Menza akakaa pembeni mwa jamvi, kwa wasiwasi, kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha mwenzake. Akaletewa kikombe. Bi Hindu alimngoja anywe, na alipokunywa, Bi Hindu naye akanywa, bakuli lake likabaki tupu kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale.

Nyumba hiyo ilikuwa Mnarani, ng'ambo ya mji wa Kilifi, karibu na njia inayoteremka kwenye feri. Kabibi alikuwa muuguzi zamani. Alipostaafu alimchukua shangazi yake aliyekuwa hajiwezi, kisha jirani akamwomba ampokelee baba yake kwa muda, na muda huo haukwisha. Vyumba vikajaa hivyo hivyo, mzee mmoja baada ya mwingine. Watu walipaita kwa Kabibi, na walipolitaja jina hilo walipunguza sauti, kwa maana kumpeleka mzazi wako kwa Kabibi lilikuwa jambo la kusemwa ndani ya nyumba tu.

Ulikuwa mwaka ule wa ukame, themanini na nne, watu walipokula mahindi ya manjano yaliyotoka nje. Wazee waliitazama sima ya manjano wakasema hicho ni chakula cha kuku. Mchele ulipatikana pale mtoto wa Bi Hindu, Jaafar, mwenye duka la vitambaa Malindi, alipoleta gunia. Kabibi aliupikia nyumba nzima bila kubagua.

"Gharib ni nani?" Mzee Menza alimfuata Kabibi jikoni kumuuliza.

"Mumewe. Mshona viatu, mtu wa Siyu. Alikufa zamani."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Kabibi alikuwa akiosha bakuli. "Hakuna aliyekulazimisha, Baba Menza. Lakini leo amekula."

&nbsp;

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri upepo ulipopanda kutoka kwenye mkono wa bahari na kuzijaza nguo kwenye kamba, Bi Hindu alitandikiwa jamvi lake, na Mzee Menza akakisogeza kiti. Hawakukaa karibu sana. Palikuwa na nafasi baina yao ambayo mtu wa tatu angeweza kukaa.

"Wakumbuka siku tuliyohamia Malindi?" Bi Hindu huuliza.

"Nakumbuka kidogo. Hebu niambie wewe, wewe wakumbuka zaidi."

Naye akamwambia. Alimwambia habari za nyumba ya Siyu yenye dari ya boriti za mikoko, na harufu ya ngozi mbichi iliyokuwa ikimtia kichefuchefu alipokuwa mwali, mpaka akaizoea na akawa hapati usingizi bila hiyo harufu. Alimwambia habari za binti aliyeitwa Jaha, aliyefariki kabla ya kutembea, na namna wao wawili walivyokaa kimya mwezi mzima, kila mmoja akiogopa kulitaja jina lake. Mzee Menza alisikiliza. Wakati mwingine usingizi ulimchukua pale pale kitini, na katika usingizi alipita kwenye vichochoro vya mji ambao miguu yake haikuwahi kuukanyaga, akigonga milango ya watu, na kila mlango uliofunguliwa ukamjua. Walimwambia ingia, mkeo yuko ndani.

Hakuwa amezoea ndoto za namna hiyo. Maisha yake yote alikuwa kibarua wa mabwawa ya chumvi kule Gongoni, na aliyoyaona alipofumba macho yalikuwa meupe tu: bwawa jeupe, lundo jeupe, jua jeupe juu yake. Aliwahi kuoa. Mke alirudi kwao Bamba, mahari yakarudishwa, mambo yakaishia hapo. Mpwa wake Kazungu ndiye aliyemleta kwa Kabibi, akasema atarudi kumtazama.

Siku moja Bi Hindu aliiona miguu yake. Visigino vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Miguu hii ni yako, Gharib? Mshona viatu mzima?"

"Ni chumvi," alisema Mzee Menza, na huo ulikuwa ukweli.

Bi Hindu hakuuliza chumvi imetoka wapi. Alimwita Kabibi, akaagiza mafuta ya nazi yapashwe moto kidogo, akayasukuma kuelekea upande wa kiti bila kumgusa mwanamume mbele za watu. "Jipake. Taratibu. Usiogope kumaliza, yako mengine."

Mzee Menza alijipaka, kichwa ameinamisha. Mafuta yaliingia katika nyufa yakamwasha, na machozi yakamtoka, naye hakujua yametokana na nini.

Usiku ulipokaribia alimkuta Kabibi akifunga madirisha. "Mwanangu, mimi naona kama naiba. Yule mwenyewe akiniona huko aliko, ataniambia nini?"

Kabibi alilifunga dirisha la mwisho. "Atakuuliza kama mkewe amekula."

&nbsp;

Jaafar alikuja mchana, kanzu imepigwa pasi, kofia safi, na nyuma yake mchukuzi wa mkokoteni aliyelitoa gunia la mchele kwenye feri. Hakuwa akija mara nyingi. Watu wa mtaani kwake Malindi walikuwa wameambiwa Bi Hindu yuko Siyu kwa dada zake, anapumzika, na Jaafar aliogopa kuonwa akivuka maji kwenda upande usiokuwa na dada yeyote.

Aliwakuta kibarazani. Mama yake alikuwa akicheka, naye hakukumbuka lini aliwahi kumsikia akicheka tangu baba afe.

"Asalaam aleikum, Mama."

Bi Hindu aliitikia kwa adabu, akajifunika ushungi vizuri, akageukia upande wa kiti. "Gharib, kuna mgeni. Muulize ataka nini."

Jaafar alibaki na mkono uliokuwa umenyooshwa kuupokea mkono wa mama aubusu.

"Ni mimi, Mama. Jaafar. Mwanao."

"Mwanangu mdogo bado," alisema Bi Hindu kwa upole, kama anayemsahihisha mpita njia aliyekosea mlango. "Saa hizi yuko chuoni, anasoma Kurani. Mwambie, Gharib."

 Mzee Menza alikuwa akitafuta namna ya kusimama bila kuonekana. Jaafar alimtazama kuanzia shuka lililotiwa viraka hadi kichwa cheupe, kisha akamgeukia Kabibi aliyekuwa ametokea mlangoni.

"Huyu ndiye mliyempa jina la baba yangu?"

"Hakupewa na sisi, Bwana Jaafar. Amepewa na mamako."

"Mzee," Jaafar alisema, na hakumwamkia. "Wewe ni Muislamu?"

"La."

"Una udugu wowote na sisi?"

"Sina."

"Basi wakaa na mama yangu kwa haki gani?"

 "Anakula tukikaa," alisema Mzee Menza.

"Anakula mchele wangu. Na wewe wala mchele wangu. Nakulisha mimi, kisha wakaa hapa wajifanya baba yangu."

Wazee wengine waliokuwa kibarazani waliacha mazungumzo yao. Mzee Menza alisimama, akakiinua kiti chake mwenyewe, kiti kikamgonga gotini, akaenda nacho nyuma ya nyumba kwenye kuta za jiko. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuna aliyejua kama kumsaidia kungekuwa ni kumwonea huruma au kumwongezea aibu.

"Mhamishe mzee huyu," Jaafar alimwambia Kabibi. "Sitaki kumkuta tena."

"Nimhamishie wapi? Hii ndiyo nyumba ya mwisho, mwanangu. Hakuna anayetoka hapa kwenda kwingine." Sauti ya Kabibi haikupanda. "Mchele wako ukitaka urudi nao, mchukuzi bado hajaondoka."

"Basi nitarudi na mama yangu."

Nguo za Bi Hindu zilikuwa chache. Zilifungwa katika leso moja. Walipomshika mikono kumteremsha ngazi, alitazama huku na huku, akaita kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua: "Gharib? Hawa wanipeleka wapi?"

Nyuma ya nyumba Mzee Menza alimsikia. Hakuitika, kwa maana jina halikuwa lake, naye alikuwa ameambiwa hivyo mbele za watu.

&nbsp;

Zuleikha, mke wa Jaafar, alimpokea mavyaa wake kwa mikono miwili. Alimwogesha, akamfukizia udi, akampikia wali wa nazi na papa, chakula ambacho zamani Bi Hindu alikuwa akikisifu. Bi Hindu alishukuru. Aliyashukuru yote kwa maneno mazuri, kama mgeni aliyelelewa vyema, na hakula.

"Siwezi kula katika nyumba za watu," alisema. "Mume wangu hajui niko wapi."

Majirani walipopata habari wakaja kumwamkia. Mmoja wao, mama mtu mzima aitwaye Mwana Mueni, alimuuliza habari za Siyu, na kama ndugu wote huko hawajambo.

"Sikuwa Siyu," alijibu Bi Hindu. "Nilikuwa nyumbani na mume wangu."

Mwana Mueni alimtazama Jaafar kwa huruma, kwa jinsi akili ya mamake ilivyokwenda mbali, akatingisha kichwa. Jaafar akashusha pumzi, akaona afadhali mama yake adhaniwe ana wazimu kuliko uongo wake ujulikane. Wazo hilo lilipita upesi, lakini alikuwa amekwisha kuliona, na siku nzima dukani alipima vitambaa vibaya.

Bi Hindu alizidi kukonda. Alikubali maji, na chai ikiwa imepoa. Mchana mmoja Zuleikha alipokuwa akianua nguo juu ya dari, Bi Hindu alitoka mlango wa mbele bila buibui, kichwa wazi, akapita mtaa mzima akichungulia kila kibaraza. Alimuuliza kila mtu kama amemwona fundi Gharib akipita, na watu waliokuwa wamemzika fundi Gharib kwa mikono yao wenyewe wakatazama chini. Muuza kahawa ndiye aliyemrudisha, akimtangulia hatua chache, akimwambia njia ni hii, Mama, njia ni hii.

Jioni hiyo Zuleikha hakumtengea Jaafar chakula. Alikaa mbele yake.

"Mimi sijachoka na mama yako," alisema. "Nakwambia mapema, usije ukanielewa vibaya. Lakini uliona haya kwa watu ukasema Siyu. Kisha ukaona haya kwa yule mzee ukamleta mama hapa. Mama haoni haya ya mtu. Mama ana njaa."

"Wataka nimrudishe?"

"Nataka ale."

"Yule mzee nilimsimanga kwa chakula, Zuleikha. Mbele ya wazee wenzake. Nitamwambia nini?"

"Anza na hilo hilo."

&nbsp;

Jaafar alimkuta Mzee Menza nyuma ya nyumba, kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa jiko, akichagua mawe katika ungo wa mchele. Kabibi alikuwa amemwambia Jaafar mlangoni kwamba mzee huyo huuchagua mchele kila siku kwa ajili ya wenzake, lakini tangu siku ile hajautia kinywani. Hula sima ya manjano tu.

Jaafar alikaa chini, kanzu juu ya mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Siku ile sikukuamkia."

"Hukuniamkia," alisema Mzee Menza, akaendelea kuchagua.

"Nilikwambia maneno mabaya. Nimekuja kwa hayo. Na nimekuja kwa sababu mama hali. Anamtafuta baba. Anakutafuta wewe."  Maneno hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kinywani. "Nakuomba uje kwangu Malindi. Utapewa chumba. Mkitaka kukaa, mkae."

"Malindi nitakuwa nani?"

Jaafar alipangusa mchanga kwenye kanzu.

"Watu wa kwenu wanamjua baba yako," alisema Mzee Menza. "Nikikaa kibarazani kwako watacheka. Watamcheka yeye, si mimi. Hapa hatuchekani. Hapa kila mtu amekuja na lake." Aliuweka ungo chini. "Mimi tangu aende sijaota. Nilikuwa naota mji, na watu, na harufu ya ngozi. Sasa naota chumvi tena. Mlete mamako. Akiniita nitaitika. Hata wewe ukiwapo, nitaitika, na wewe utavumilia."

"Nitavumilia."

 Upepo ulileta sauti ya feri ikigusa ukingo, na watu wakishuka.

"Alikuambia nini juu ya baba?" Jaafar aliuliza, akitazama mikono yake. "Mimi nilikuwa mdogo alipofariki. Mama hakuwa akimtaja."

Mzee Menza alijifuta mikono kwenye shuka. "Alisema ulipozaliwa, baba yako aliacha kazi za watu siku nzima. Akakaa akashona makubadhi, madogo, yanaenea katika kiganja. Hayangeweza kuvaliwa na mtoto yeyote. Mamako akamwambia umepoteza ngozi. Akasema hajapoteza. Akakuwekea miguuni, yakawa yanaanguka, yeye anayarudisha."

"Hayo sikuwahi kuyasikia," alisema Jaafar.

"Yako mengine," alisema Mzee Menza. Alimwambia mpaka kivuli cha ukuta kikawa kipana kuwatosha wote wawili.

&nbsp;

Asubuhi ya kuondoka, Mwana Mueni alikuwa akifagia mbele ya mlango wake. Aliona gari la kukodi, akaona Bi Hindu akisaidiwa kupanda.

"Arudi Siyu?" aliuliza.

"Hapana," alisema Jaafar. "Nampeleka Mnarani, kwa Kabibi. Huko ndiko alikokuwa tangu mwanzo."

Mwana Mueni aliushika ufagio kwa mikono yote miwili.  Mwishowe alisema, "Kuna mtu hunipitia mara kwa mara akienda Kilifi. Nitakuja naye nimwamkie."

Njiani Bi Hindu alisinzia begani kwa Zuleikha. Katika feri aliamka, akayatazama maji yakipita chini yao taratibu, akasema ni mazuri, akafumba macho tena. Alikuwa mwepesi sana. Jaafar alipomshusha garini alihisi kama amebeba nguo za mtu, mwenye nguo hayumo.

Mzee Menza alikuwa kibarazani tangu alfajiri. Kabibi alikuwa amemfulia shati, naye alikaa wima ndani ya shati hilo, midomo ikitikisika kidogo, akijizoeza kuliitika jina la Gharib. Kiti kilikuwa mahali pake. Jamvi lilikuwa limetandikwa. Kwenye sinia palikuwa na wali na mchuzi, na bakuli la maji ya kunawa.

Bi Hindu alipanda ngazi, akasimama mbele yake. Alimtazama. Jaafar na Zuleikha walisimama nyuma yake. Alimtazama kwa utulivu, macho yakiwa safi kama ya mtu aliyelala vizuri, yakapita usoni, yakashuka mabegani, yakarudi.

"Sikujui, baba," alisema. "Wewe nani?"

Jaafar alimwangalia Mzee Menza kwa macho ya kuomba. Mzee Menza alifungua kinywa kuitika kama alivyoahidi. Lakini hakuitwa. Aliulizwa, na aliyemuuliza alikuwa akingoja jibu, kichwa ameinamisha kidogo kwa heshima, kama mwenye nyumba anavyomngoja mgeni ajitaje. Ilikuwa miaka mingi hajaulizwa na mtu kwa namna hiyo.

"Mimi ni Menza," alisema. "Menza wa Baya. Nilikuwa kibarua wa chumvi."

"Menza," alisema Bi Hindu, akilijaribu. "Karibu, Menza. Keti, usisimame. Mume wangu ametoka kidogo, hatakawia."

Aliketi kwenye jamvi, akaivuta sinia karibu, akainusa. Alitazama chakula, akamtazama mzee aliyekuwa mbele yake mikono magotini, akaona hakuna aliyemkaribisha mgeni huyu vizuri.

"Kula, Menza. Wali huu utapoa." Na kwa kuwa mgeni alikuwa akisitasita, akanawa yeye kwanza, akamega tonge dogo, akalitia kinywani ili kumtoa haya. Akatafuna. Akamega jingine.

Mzee Menza alinawa, akala. Ulikuwa mchele wa Jaafar.

Zuleikha alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza, ameufunika uso kwa upindo wa buibui. Jaafar alibaki kwenye ngazi ya mwisho, hajui kama apande au ateremke, mpaka mama yake alipoinua kichwa akamwona.

"Na wewe, mwanangu, waogopa nini huko? Njoo, kaa."

Kila mama mtu mzima humwita kijana mwanangu. Jaafar alilijua hilo. Alimtazama usoni kuona kama kuna zaidi, lakini mama alikuwa amekwisha kuinama tena, akimsogezea Menza mchuzi. Jaafar hakumuuliza. Alivua viatu, akapanda, akakaa pale palipokuwa na nafasi baina yao, akanawa mikono.